Paka wako anakutesa nyumbani? Mwongozo kamili wa kumnyoosha bila kumpiga wala kumtia kwenye kiroba

Huku kusini mwa Tanzania kuna njia maarufu sana ya kumaliza kero za paka. Unamtia kwenye kiroba, unamkabidhi kijana wa bodaboda na hela ya soda, anaenda kumwachia feri, kwenye soko la samaki, huko atajijua na vichwa vya samaki. Matokeo yake wote tunayajua, ama paka anarudi kabla wiki haijaisha, ama harudi lakini baada ya mwezi kuna mwingine kalala juu ya gunia la korosho, manake panya wapo pale pale na harufu ya samaki ipo pale pale. Wengine wanamwagia maji ya moto, hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama na kumtesa mnyama ni kosa.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeamua kukaa naye. Nimeuandika kwa nyumba zetu hizi hizi za Mtwara na Lindi, bati juu, uani mchanga, chandarua kitandani, samaki jikoni karibu kila siku, sio kwa watu wenye duka la vitu vya paka mtaani kwao.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Paka hakukomoi. Anarudia kinachomlipa na anaacha kisichomlipa, basi. Kwa hiyo kwenye kila kero swali ni hilo hilo moja, hapa analipwa na nani? Na mara nyingi utakuta anayemlipa ni mtu wa humo humo ndani.

Hatua ya kwanza: hakikisha haumwi

Hii watu wanairuka, afu wanahangaika mwezi mzima kumfundisha mgonjwa. Paka aliyekuwa safi miaka yote na ghafla anakojoa hovyo, au aliyekuwa mpole na sasa ukimshika mgongoni anakurukia, au mzee aliyeanza kulia usiku bila sababu, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Kama hujui pa kuanzia muulize afisa mifugo wa kata yako au uliza kwenye duka la dawa za mifugo, hawa wanajuana na watakuelekeza.

Kuna moja ambayo sio ya kusubiri kesho. Paka dume anaingia kuchuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu au linatoka tone tu, analia, anajiramba huko chini kila dakika, anarudi tena kuchuchumaa. Watu wanadhani kafunga choo wanampa mafuta ya kula. Huyo njia ya mkojo imeziba, na ikiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja mbili tu. Hapo unaacha kila kitu unatafuta daktari, iwe mchana iwe usiku.

Ukishajua ni mzima, kwa siku tatu nne usifanye chochote, angalia tu. Andika kwenye simu: kafanya nini, wapi, saa ngapi, na baada ya hapo nini kilitokea. Hicho cha mwisho ndo chenye dhahabu. Kalia, nani kaamka? Kapanda mezani, kakuta nini? Ukiandika hivo kwa siku chache kero yenyewe inajieleza.

Kukojoa ndani, hapa ndo penye kazi

Kero namba moja ni hii wala hakuna ubishi. Na kwetu sisi Waislamu ina uzito wake wa ziada, manake paka tunamhesabu msafi, anapita mbele ya anayeswali hakuna tatizo, lakini mkojo wake ni najisi, akikojolea mswala au mkeka wa sebuleni nyumba nzima inasimama.

Anza kwa kutofautisha. Kuna mkojo wa haja na kuna mkojo wa alama. Wa haja anachuchumaa, unakuta dimbwi chini, kwenye godoro, kwenye rundo la nguo, kwenye kona. Wa alama anasimama wima, anageuzia ukuta makalio, mkia juu unatetemeka kwenye ncha, anarusha kidogo kidogo kwenye ukuta, mlango, pazia, mguu wa kabati, na harufu yake unaijua ukishaingia tu getini. Hizi ni ishu mbili tofauti na dawa zake tofauti.

Wa alama ni wa homoni na mipaka, hasa dume ambaye hajahasiwa, au paka wengine wanapita dirishani wanamchokoza. Dawa yake ni kuhasi. Kati ya madume kumi wakihasiwa kama tisa hivi wanaacha au wanapunguza sana, ila sio siku hiyo hiyo, mpe wiki kadhaa homoni zitoke mwilini. Anaweza kuhasiwa kuanzia miezi minne mpaka sita, na ukiwahi kabla hajaanza tabia ni bora zaidi kwa sababu akishazoea miaka mitatu hata ukihasi mazoea yanaweza kubaki. Afanye daktari, kwa dawa ya usingizi. Yule fundi wa kuhasi mbuzi kwa wembe usimwite kwa paka, naomba sana.

Wa haja sasa. Hapa jiulize, pa kwenda kujisaidia anapo? Wengi huku hatuweki beseni la mchanga, paka anatoka uani anachimba, anafukia, anarudi. Inafanya kazi vizuri kabisa kuanzia Mei mpaka Novemba hivi. Mvua zikianza, na kwetu zikianza Desemba zinakwenda mpaka Aprili, mchanga wote uani ni tope, na paka hachimbi tope. Anatafuta pakavu palaini. Pakavu palaini ndani ya nyumba ni wapi? Kitanda, kapu la nguo, gunia la pumba, mkaa. Watu wanasema paka kaharibika tabia kila masika, kumbe choo chake kimejaa maji.

Kwa hiyo weka beseni. Kubwa, sio lile la kunawia mikono, urefu wake uzidi urefu wa paka mara moja na nusu, ajigeuze bila kugusa kingo. Mdomo wake usiwe juu sana kama ni mtoto au mzee. Mchanga uwe na kina cha sentimita tano hivi, mchache hawezi kufukia na asipofukia hataki kurudi.

Kuhusu mchanga wenyewe: watu wa Mikindani, Shangani na huko Mchinga mnakimbilia mchanga wa pwani kwa sababu ni bure. Sawa, lakini una chumvi, na chumvi inavuta unyevu, na hewa yetu ilivyo nzito huo mchanga haukauki, siku ya pili unanuka. Usuuze kwanza kwa maji baridi mara mbili tatu, uanike juani mpaka ukauke kabisa, uchekeche utoe makombe na vijiti. Mchanga mlaini wa ujenzi nao poa. Maranda kutoka kwa seremala yanafanya kazi na yanapunguza harufu, ila wapo paka hawayataki. Pumba za mpunga ni nyepesi sana, zinatapakaa nyumba nzima, mi sizipendekezi labda huna kingine.

Toa uchafu kila siku, asubuhi na jioni kama unaweza, na mchanga wote mwaga ubadilishe kila wiki, beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida. Mama mjamzito asifanye hii kazi, mavi ya paka yanaweza kuwa na vijidudu vya toksoplazma ambavyo ni hatari kwa mimba, akikosekana mwingine avae glavu na anawe vizuri.

Beseni liwe sehemu tulivu, mbali na sahani yake ya chakula. Sio karibu na mlango ambapo watoto wanapita mbio, sio chini ya feni inayopiga kelele. Kama una paka wawili weka mabeseni matatu, najua unacheka, lakini paka mmoja mbabe anaweza kumzuia mwenzie mlangoni na wewe utalaumu yule anayekojoa wakati mwenye kosa kalala zake barazani.

Kumzoesha yule wa uani: chota mchanga pale pale anapochimbaga, uchanganye juu ya mchanga wa beseni, akisikia harufu yake anaelewa. Baada ya kula na baada ya kuamka mbebe taratibu mweke humo. Ukimkuta anachuchumaa kwingine usipige kelele, mnyanyue umpeleke. Ile ya kumsugua pua kwenye mkojo wake haimfundishi chochote zaidi ya kukuogopa, afu anaanza kukojoa kwa siri nyuma ya kabati ambako utagundua baada ya mwezi.

Kusafisha sasa, na hapa wengi wanakosea bila kujua. Kuna kusafisha kwa ajili ya swala na kuna kusafisha kwa ajili ya pua ya paka. Ya kwanza unaijua, unatwaharisha kwa maji yanavyotakiwa, imeisha. Lakini pua ya paka ni kali kuliko yako mara nyingi, pale wewe unaposema pamenukia vizuri yeye bado anasoma bango limeandikwa CHOO. Fanya hivi:

Nyonya mkojo kwanza kwa kitambaa kikavu, bonyeza usisugue. Mwaga maji baridi, nyonya tena. Afu maji na siki nusu kwa nusu, acha dakika kumi hivi, nyonya. Malizia na sabuni ya unga ya kufulia, zile zenye vimeng'enya (enzymes) zinavunja mkojo vizuri zaidi, soma pakiti, suuza. Mkeka na mswala anika jua kali mpaka ukauke kabisa, godoro lisimamishe nje siku nzima, mara mbili kama ni la zamani. Maji ya moto hapana, yanazidi kuingiza harufu kwenye nyuzi.

Na jiki hapana. Jiki ikikutana na mkojo inatoa gesi inayochoma kifua, halafu ile harufu inayobaki inamvutia arudie pale pale. Ndo maana unasafisha kila siku kwa jiki na kila siku anarudi, we unadhani ana kiburi.

Pale alipopazoea, ukishapasafisha, weka sahani yake ya chakula hapo wiki mbili. Paka hapendi kujisaidia anapokula.

Kelele za saa kumi usiku

Niseme kabisa mapema, paka anayelia uani usiku sio mchawi wala hajatumwa na jirani. Ni njaa, ni ukware, ni uzee, au kafundishwa.

Kafundishwa na nani? Angalia kalenda. Ramadhani nzima nyumba inaamka saa kumi kupika daku, sufuria zinalia, samaki anapashwa, paka yupo miguuni, mtu anamtupia kipande. Mwezi mzima. Idi inapita, nyie mnataka kulala mpaka adhana, yeye saa kumi juu ya alama yupo mlangoni, miauu, miauu. Hajakosea, nyie ndo mmebadilisha ratiba bila kumpa taarifa. Na kwa maumbile yake paka anachangamka alfajiri na magharibi, ndo saa za kuwinda, kwa hiyo ukimpa sababu ya kuamka muda huo unapigia debe kitu ambacho kilikuwepo tayari.

Kumtoa huko unafanya vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza unamhamishia chakula. Jioni sana, saa tatu au saa nne usiku, mchezeshe kwanza dakika kumi mpaka kumi na tano, chukua kamba funga kitambaa mwishoni, ivute chini kama panya anakimbia, ipotelee nyuma ya mlango, itokee tena, mwache aikamate mara kwa mara. Akishaanza kuchoka mpe mlo mkubwa wa siku. Atakula, atajiramba, atalala. Kawinda, kala, kalala, hiyo ndo ratiba yake ya asili.

Cha pili, saa kumi asipate kitu. Asipewe chakula, asifunguliwe mlango, asitukanwe, asirushiwe ndala. Kumrushia ndala nako ni kumjibu. Sasa nikupe tahadhari, siku za mwanzo atazidisha, atalia kama anachinjwa, manake mashine iliyokuwa inatoa hela imegoma na yeye anaipiga mateke. Watu wengi hapo ndo wanakata tamaa wanaamka wanampa, na sasa kajifunza kwamba kulia dakika tano hakutoshi, inatakiwa nusu saa. Umejitengenezea tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo.

Kwa hiyo kabla hujaanza kaa na watu wote wa nyumbani. Wote. Hasa bibi. Kila nyumba ina bibi anayesema "mwacheni huyo paka hamna adabu kabisa" na mchana analalamika, afu usiku ana dagaa wawili wamefungwa kwenye pindo la kanga. Mkikubaliana wote, na bibi kaahidi mbele ya mashahidi, wiki mbili tatu zinatosha kwa paka wengi. Akipewa siku moja moja kwa siri ndo mbaya zaidi, manake sasa anacheza bahati nasibu na hatoacha. Ramadhani ijayo mpe chakula chake cha usiku kabla ya kulala kama kawaida, na daku mfungie nje ya jiko.

Kama ni jike, hajafungwa kizazi, analia kwa sauti nzito, anajiviringisha chini, ukimshika mgongoni anainua makalio, huyo yuko kwenye joto na hakuna mafunzo yatakayomnyamazisha. Inachukua kama wiki, ikipita bila dume inarudi baada ya wiki mbili tatu. Kwenye nchi za baridi joto la paka linakuja kwa msimu kwa sababu linafuata urefu wa mchana, sisi tulio karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo kwetu ni mwaka mzima. Akipata dume, siku sitini na tatu mpaka sitini na tano una vitoto kwenye kabati la nguo. Kufungwa kizazi ndo suluhisho, anaweza kuanzia miezi minne mitano.

Wizi wa samaki

Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa binadamu. Unanunua nguru, unaacha kwenye sinia wazi, unaenda kuitikia hodi barazani, unarudi kipande hakipo, unasema paka mwizi. Na akifanikiwa mara moja kati ya kumi anaendelea kujaribu mwaka mzima. Kawa lenye uzito, sufuria lenye mfuniko na jiwe juu, kabati la neti linalofungika, hayo ndo mafunzo ya kwanza na ya mwisho. Meza ikiwa haina kitu kwa wiki kadhaa anaacha kupanda.

Kuna kitu kingine hakionekani. Ukiwa unapara samaki uani, paka kakaa mbele yako, unamrushia matumbo moja kwa moja kutoka kwenye kisu. Hapo unamfundisha kwamba kisu na mkono wako ndo sahani, na siku ukichelewa atadaka mwenyewe, na mkono wako ukiwa njiani shauri yako. Para samaki wako, maliza, nawa, afu chakula chake kiwekwe kwenye chombo chake, sehemu yake ile ile, mbali na jiko.

Na ashibe. Paka anayelishwa ukoko wa ugali na "atakamata panya mwenyewe" lazima aibe, mwili wake unadai nyama. Paka sio mbwa, anahitaji taurini ambayo ipo kwenye nyama na samaki, kwenye ugali na wali haipo, akiikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Na hiyo habari ya kwamba paka mwenye njaa ndo anakamata panya haina ukweli, paka anawinda hata akiwa kashiba, mwenye njaa anaenda penye chakula rahisi ambapo ni jikoni kwako.

Chakula cha bei nafuu huku kipo: vichwa na mabaki ya samaki feri, chemsha bila chumvi, toa miiba mikubwa, changanya na wali kidogo tu wa kujazia. Dagaa wa kuchemsha. Maini ya kuku mara moja moja, sio kila siku. Samaki mbichi kila siku sio vizuri, baadhi ya samaki wana kitu kinachoharibu vitamini B1, ukipika kinakufa. Mpe mara mbili tatu kwa siku kidogo kidogo. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, kitunguu maji na kitunguu swaumu vyote vinaharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe wengi yanawaharisha, na ukishaona kaharisha sebuleni rudi juu usome upya sehemu ya kusafisha.

Kucha: makochi, mikeka, chandarua

Paka lazima akwaruze. Anatoa ganda la zamani la kucha, ananyoosha mgongo, na kwenye nyayo ana tezi zinazoacha harufu yake. Huwezi kumkataza, unamhamisha tu.

Tafuta gogo au ubao wa mita moja hivi, awe anaweza kujinyoosha wote akisimama, lisiyumbe kabisa maana likiyumba mara moja haligusi tena. Lizungushie kamba ya katani, ibane sana, misumari vichwa vizame. Kamba ya makumbi ya nazi nayo inafaa. Wengine wanapenda kukwaruza chini badala ya juu, kama wako anaharibu mkeka na sio kochi basi mpigie kipande cha gunia la korosho kwenye ubao, ulaze sakafuni. Liweke pale pale anapoharibu sasa hivi, sio uani kwenye kona, akilizoea ndo unalisogeza pole pole. Kochi lenyewe lifunike kwa shuka lililobanwa vizuri huo muda wa mpito. Akitumia gogo lake mpe dagaa pale pale.

Chandarua ni kesi maalumu kwa sababu kikichanika malaria haiulizi nani kachana. Paka mdogo anakipanda kama ngazi. Mchana kikunje kifunge juu asikifikie, usiku kichomeke chini ya godoro, na chumba cha mtoto mchanga paka asilale. Matundu shona siku hiyo hiyo. Chandarua kipya chenye dawa kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia, ndo maelekezo yake hata bila paka.

Kucha zipunguze kila wiki mbili hivi. Nelkata ya kawaida inafaa. Akiwa kashiba ana usingizi mpakate, bonyeza kidole taratibu kucha itoke, utaona sehemu ya ndani ina rangi ya waridi, hiyo ni nyama na mshipa wa damu, usiiguse. Kata ile ncha nyeupe tu. Siku ya kwanza ukikata mbili imetosha.

Kung'ata na kuparura

Vitoto vya paka tunavichezesha kwa vidole, vinachekesha. Akifikisha kilo tatu havichekeshi tena. Kwa hiyo mkono usiwe mwanasesere kuanzia siku ya kwanza, tumia kamba na kitambaa. Akikung'ata mchezoni usivute kwa nguvu, ganda, acha kabisa kucheza, inuka ondoka.

Yule mtu mzima anayekubali kubembelezwa afu ghafla anageuka na meno, sio kwamba ghafla. Alikuambia. Mkia ulianza kupiga piga, masikio yakalala nyuma, ngozi ya mgongo ikacheza, akageuza kichwa kuangalia mkono wako. Acha pale mkia unapoanza. Watoto wafundishwe hiyo, na wasimvute mkia wala kumfuata chini ya kitanda.

Jeraha la paka usilidharau, meno yake ni membamba yanaingiza uchafu ndani na juu panafunga haraka. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, afu nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, iwe Ligula kwa watu wa Mtwara, iwe Sokoine kwa watu wa Lindi, popote pa karibu. Kichaa cha mbwa paka nao wanakipata, na dalili zikishatokea kwa binadamu hakuna kupona. Mchanje paka wako, uliza ofisi ya mifugo, kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na kipindi hicho halmashauri nyingi zinatangaza chanjo.

Mbio za kwenye dari

Puruta puruta puruta usiku kucha, asubuhi doa la njano kwenye jipsamu. Fuata panya kwanza, manake wao ndo wanaomwita. Korosho, ufuta na mahindi viwe kwenye mapipa au magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Matawi ya mwembe yanayogusa bati kata. Afu mchana, ukiwa na uhakika katoka, ziba nafasi kati ya ukuta na bati kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Kabla hujaziba panda na tochi uangalie kama kuna vitoto, ukiwafungia humo utajuta kwa harufu na kwa dhamira yako.

Vifaranga vya jirani, na sumu

Hii ndo kero inayomaliza paka wengi mtaani. Kala vifaranga vya mama jirani, mama jirani kaweka sumu. Ukiambiwa mara ya kwanza usibishe, lipa, na mfungie ndani asubuhi na jioni ambapo vifaranga vinatembea. Muombe jirani vifaranga vidogo vikae chini ya tenga wiki zile za mwanzo, msaidie hata kulinunua, ni rahisi kuliko ugomvi. Ukiwa unamlisha vizuri na unamchezesha jioni atapunguza, lakini kuacha kabisa usitegemee.

Sumu ya panya kama una paka usiweke kabisa, hata akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa. Panadol usimpe hata nusu, inaua paka. Dawa ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa usimpake, nyingi zina permethrin ambayo mbwa anaimudu na paka haimudu. Na salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, sio dawa ya viroboto, kuna watu wanampaka kabisa, anajiramba yote inaingia tumboni. Msimu wa kupuliza akirudi kutoka shamba kajaa unga, mfute kwa kitambaa kibichi kabla hajaanza kujisafisha mwenyewe.

Ukimkuta anatoa povu, anatetemeka au anayumba, usimpe maziwa, usimpe chumvi atapike. Mfunge kwenye taulo asikuparure, mkimbize kwa daktari, na kama pakiti ya hiyo dawa au sumu unaijua ilipo ichukue uende nayo, daktari akijua ni ipi ndo anajua aanzie wapi.